Kutoka Nyuma

Raili Kuusela, karani wa ajali, Tampere,
miaka kumi na tisa anajaza fomu zilezile.
Wageni humuuliza: ni barafu, sivyo?
Ni giza la Desemba?

Hapana.
Jua limewaka, lami kavu,
barabara imenyooka kama rula,
na gari la mbele limesimama tu,
limesimama kitambo,
taa zake nyekundu hata kipofu angeziona.

Barafu tunaiogopa, asema, tunaiachia nafasi.
Mchana mweupe ndio tunaousogelea mno.

Jumanne, kwenye taa za Sammonkatu,
kishindo.
Mikate ya iliki ikaruka hadi kwenye dashibodi.
Kijana akashuka, simu bado mkononi:
"Sikukuona."

Raili akatazama juu, akatafuta japo kiwingu.
Kisha akachomoa kalamu.
Hali ya hewa, akaandika:
nzuri.