Ndoo Moja

Mama karudi kutoka hospitali ya Gijón
na tumbo ambalo bado halijatulia,
na karatasi ya muuguzi, neno moja limepigwa mistari miwili:
klorini.
Siki haitafua dafu, alisema yule binti,
kijidudu hiki kina ganda.

Nami nina Iria, miaka sita,
kifua chake hupiga filimbi
mtu akifungua tu kifuniko cha chupa ile.
Kwa ajili yake niliifukuza klorini nyumbani.
Nikaleta siki ya tufaha, dumu zima, kutoka kwa shangazi yake Nel,
magadi kwenye kopo la kahawa,
maganda ya limau yaliyolowekwa
hadi maji yakawa rangi ya chai changa.
Vioo viling'aa. Mtoto alilala usiku kucha.
Nikajiona mjuzi, hata nikawahubiria majirani.

"Nyumba inanuka saladi,"
ndivyo alivyosema mama, akiwa bado na koti mabegani.

Miaka thelathini na mmoja kiwandani Candás
alipanga samaki makoponi,
na kila jioni, kabla king'ora hakijalia,
walimwaga klorini sakafuni
magamba yakaelea kuelekea mtaroni.
Kwake harufu ile ndiyo usafi,
ndiyo mshahara, ndiyo Jumamosi.
Alipokwenda kubadilisha kitambulisho
walimwomba kidole mara nne.
Mashine haikuona mtu.
"Jina lako nani, bibi?" "Obdulia."
"Bonyeza tena, Obdulia."

Basi tukawa tunafutiana kazi.
Mimi nikitoka chooni, yeye anaingia.
Yeye akitoka, mimi nafungua dirisha
kwa kishindo, ili asikie.

Nel hapendi kelele.
Alhamisi, tukiwa tumenuniana, kila mmoja chumbani kwake,
akachukua ndoo moja,
akamimina yangu, akamimina ya mama,
nusu kwa nusu, kila mtu apate haki yake.
Hakusoma yale maandishi madogo mgongoni mwa chupa.

Sikujua kuwa suluhu inaweza kukaba koo.
Kitu kilipanda kutoka kwenye ile ndoo,
hakikuwa moshi, hakikuwa mvuke,
macho yakawaka, ulimi ukawa chuma.
Nilimbeba Iria. Nel akambeba mama,
na gauni lake la kulalia, na soksi moja,
tukashuka mpaka kwenye ngazi za ghorofa ya pili
tukaketi pale kama abiria walioachwa,
mlango wazi juu yetu, madirisha wazi,
mvua ya Asturias ikiingia sebuleni bila kubisha hodi.

Hakuna aliyefoka.
Iria alivuta dawa yake ya pumu, akashikilia pumzi
kama tulivyomfundisha,
na mama akamhesabia kwa vidole vyake visivyo na alama:
moja, mbili, tatu,
hadi kumi, kisha tena kutoka moja,
hata baada ya filimbi kunyamaza.

Ndipo akasema, akiangalia ukuta,
"Choo nitaosha mwenyewe. Asubuhi, akiwa shule."
Nikasema, "Ukiosha, suuza. Kwa maji matupu."
"Nilianza kuosha kabla hujazaliwa."
"Najua."
"Jikoni fanya utakavyo. Weka hata nyanya."

Nel tulimkataza ndoo kwa mwezi mzima.

Sasa chupa yake iko rafu ya juu, yangu iko ya chini,
na kati yao nimeweka sufuria nzito isiyo na kazi nyingine.
Saa mbili unusu mlango wa choo hufungwa,
dirisha hufunguliwa,
nasikia brashi, kikohozi, maji, maji tena.

Na jana, dakika chache kabla kengele ya shule haijalia,
nilimkuta amesimama kwenye sinki langu
na ganda la limau,
analisugua taratibu, kidole kwa kidole,
kisha ananusa, kisha anasugua tena.
Nilirudi nyuma kabla ubao wa sakafu haujalia.