Ishirini kwa Ishirini

Kioo kipya kimefika Barabara ya Kirinyaga,
kipana kama meza ya mchinjaji,
na Mwikali, mwandishi wa hesabu za vipuri,
anakisogelea hadi pumzi yake inakitia ukungu.

Programu ni ileile. Odera aliiandika
enzi za vioo vyenye kisogo, vya kubebwa na wawili;
kitufe akakipa nukta ishirini kwa ishirini, akaenda zake.
Nukta zimesinyaa.

Sasa "Hifadhi" ni punje ya ufuta,
na "Futa" ni punje iliyo ubavuni.
Juzi kidole kilitikisika:
pedi za breki mia nne, kwaheri.

Leo ameazima lenzi ya fundi saa wa ghorofa ya chini.
Jicho moja kalifumba.

Kitufe hakina kosa.
Kingali kinamtii Odera.