Kiti Namba Arobaini na Moja

Viti tumekodi kwa Kibwana,
wa viti, maturubai na masufuria ya shughuli.
Vya chuma, vya kukunja, kila kimoja na namba yake mgongoni,
rangi nyekundu, mwandiko wa mtu mwenye haraka.
"Mkutano wa vikoba," nilimwambia.
Akasema virudi Jumapili kabla ya saa nne,
vikavu, bila kovu.

Bila kovu.

Taa nimeleta mwenyewe.
Nafagia ghorofa la sita pale Samora;
tyubulaiti zikifa hunipa mimi nikatupe.
Nimezitupa miezi mitatu, mojamoja,
nimezifunga kanga kama mtoto wa mtu,
hadi Keko, uani kwa maseremala,
ambako usiku vitanda vya watu vinasogezwa ukutani
na jukwaa linapanda juu ya matairi ya fuso.
Harufu ya mkongo. Unga wa msumeno
unanyonya chochote kinachodondoka.

Elfu tatu mlangoni.
Wauza magodoro, wachinjaji wa Vingunguti,
na dada mmoja wa benki, hukaa nyuma kila mara, kavaa barakoa.
Mpiga debe kasimama juu ya ndoo:

    Leo Keko patawaka, seng'enge imetandazwa,
    Tandu kwao keshatoka, sumu tele amejazwa,
    Wenye moyo wa kushtuka, mlango haujakazwa!

Tandu ni Mwamvua. Anakaanga mihogo Chang'ombe,
askari wa kituoni wanamkopa.
Mimi ni Bi Msumari.
Nyumbani naitwa Sikudhani. Mama hakudhani, basi.

Somo yetu, Bi Havijawa,
alitufunda kuanguka kabla ya kutufunda kupiga.
Siku saba godoroni, siku saba mchangani, kisha sakafu.
Kidevu kifuani. Pumzi nje. Viganja vitangulie.
"Ardhi haina kisirani," alisema, anatafuna kashata,
"inataka tu kuarifiwa."

Dakika ya nne, taa ya kwanza begani.
Hailii kama kioo. Inatoa pumzi, puu,
halafu vumbi jeupe, halafu watu wanasimama.
Damu ya paji ni yangu, na wembe ni wangu,
nusu wembe, ndani ya plasta ya kidole.
Nilijichanja kidogo tu, jasho likamalizia.

Kisha Mwamvua akakunja kiti.

Msidanganywe na wajuaji:
mwisho tunaupanga, kuuma hakupangiki.
Mgongo mzima uliwaka hadi kwenye meno.
Nikawa chini, unga wa mbao puani,
naye juu yangu, mzito, ananuka mafuta ya mihogo,
refa anapiga sakafu, moja,
mkono wake ukautafuta wangu, ukaubana mara moja.

Upo?

Mbili.
Nikabana. Nipo.

Miaka sita nilikaa Yombo na mtu
ambaye hakuwahi kuuliza.

Tatu.

Asubuhi tuliosha viti kwa Omo.
Cha arobaini na moja kilikuwa na bonde;
fundi akakigonga kwa nyundo ya mpira, likagoma.
Tukakipanga katikati ya wenzake.
Kibwana akahesabu miguu, hakutazama migongo.

Wiki ya tatu, harusi ya binti wa shangazi, Temeke.
Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na utepe wa dhahabu.
Shangazi akakaa, akajigeuza, akajigeuza tena:
"Kiti gani hiki, kina kibyongo!"
Nikainua kitambaa kwa nyuma.
Rangi nyekundu. Mwandiko wa haraka.

"Nipe mimi, shangazi."

Nikakikalia, nacho kikanikaa.

Bibi harusi akaingia, vigelegele, watu wakasimama.
Mimi nilichelewa kidogo kusimama.