Mia Sita Ishirini na Nane

Mwalimu Akyoo alirudisha pendekezo langu
na wino mwekundu pembeni: "Nani kasema?"
Mara saba. Nilihesabu.
Maji ya kwetu yana floraidi. Nani kasema?
Mkaa wa mifupa huinyonya. Nani kasema?

Ningefungua mdomo tu, aone.
Natoka Maji ya Chai, na meno yangu
yana rangi ya chai iliyolala sufuriani
tangu yale ya utoto yaling'oka yakaota haya.
Lakini meno hayana mwaka wa kuchapishwa,
wala ukurasa.

Basi Jumamosi nikapanda ngazi za maktaba,
mvua ya Aprili inachapa mabati ya Arusha
hadi mtu husikii anachokisoma.
Kompyuta tatu, nzima ni moja.
Nikaandika "maji safi".
Yakaja majibu elfu arobaini.
Nikazama bila kulowa.

Bi Ndeanasia alinitazama juu ya miwani.
"Hujauliza swali, mwanangu, umepiga kelele.
Unatafuta maji, au kilichomo majini?
Kilichomo, au namna ya kukitoa?
Ukitoe kiwandani, au kwenye ndoo ya mama yako?"
Kila nilipojibu, maelfu yakapukutika,
zikabaki makala kumi na moja
na rafu moja, ya chini kabisa,
mia sita ishirini na nane, nukta moja sita,
ambayo huifikii mpaka upige magoti.

Pale chini palikuwa na mende mkavu,
kitabu cha pampu kilichopoteza jalada,
na ripoti ya mwanafunzi, ya taipureta,
herufi "a" imeruka juu kila mahali
kama mtoto asiyekaa kwenye mstari.
Sifaeli Nnko, 1987.
Eneo la utafiti: Maji ya Chai.
Muhuri wa kuazima: mmoja, 1991.
Baada ya hapo, kimya.

Nilianza kusoma nimesimama. Nikajikuta sakafuni.
Tanuri la pipa kwa penseli,
mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni,
majedwali, majedwali,
na mwishoni kabisa, kwa mkono, karatasi ya daftari:

"Nilichoma kwa moto mdogo, kuni ziliniishia.
Maji yalitoka na rangi, yakanuka mzoga.
Mama mwenye nyumba aliyamwaga mbele yangu,
akanipa kikombe cha maji ya mtoni, kwa upole.
Atakayefuata aanzie hapa,
asianzie nilipoanzia mimi."

Atakayefuata.
Niligeuka kutazama nyuma
kana kwamba kuna mtu kaitwa.

Siku hizi ripoti hiyo haiazimwi,
na mashine ya fotokopi haina wino tangu Pasaka.
Nikanakili kwa mkono: nyuzi joto, saa, ukubwa wa punje,
hata makosa yake, hasa makosa yake,
mpaka Bi Ndeanasia akaniletea kiti.
"Huyo Nnko," akasema, "alikuwa akija na mihogo mfukoni,
anatafuna nyuma ya rafu, anadhani sioni."
Akacheka, na mkono ukapanda haraka
kuufunika mdomo.
Naujua mkono huo.
Ninao.

Usiku, bwenini, nilijaza pembeni mwa wino mwekundu:
Nnko, 1987, ukurasa wa arobaini na tatu.
Makala ya pili. Makala ya tisa, jedwali la nne.
Sita zikapata wenyewe.

Ya saba nimeiacha wazi.
Niliandika, "Wanakijiji watayanywa,"
na mwalimu akauliza kama kawaida yake.
Nimepekua. Rafu haina.
Jumatatu naenda machinjioni na gunia,
na kuni za kutosha safari hii,
kisha nikabishe hodi kwenye nyumba fulani,
nikinge kikombe,
ninywe wa kwanza.