Hasi Saba

Ile ya kwanza ilijua neno moja tu: pii.
Msumari, pii. Pete, pii. Kizibo cha soda, pii,
kama mtoto anayemwita kila mwanamume baba.
Hii mpya ina skrini, ina menyu, ina namba,
na kitabu chake kina kurasa tisini na sita.
Chaurembo, aliyeniuzia Gerezani kwa awamu tatu,
alinipa somo lote akiwa amesimama:
"Usiende nayo popote. Ifundishe kwanza nyumbani."

Basi uani kwangu, Magomeni Mapipa,
nikafungua kamba ya nguo, nikapanga vitu juu ya ubao,
maana ardhi yangu imejaa mali za wapangaji waliotangulia.
Shilingi mia mbili: sitini na moja.
Hereni ya Sikudhani (kaiazimisha kwa masharti): arobaini na nne.
Kizibo: arobaini na tatu.
Nikarudia. Arobaini na tatu. Arobaini na nne.
Dhahabu na kizibo, majirani wa kugongana milango.
Nikaziandika nyuma ya daftari la madeni ya wateja.
"Namba ni jina la ukoo," Chaurembo alisema kwa simu.
"Tabia yake utaijua kwa sauti."

Jumatatu alfajiri, Koko Bichi, umati wa Jumapili umeondoka.
Mchanga mkavu, sawa. Hatua nne kuelekea maji
mashine ikapandwa na mashetani,
ikaimba, ikakohoa, hakuna kitu.
Chumvi, bwana. Nami nilipandisha usikivu hadi mwisho,
kama mtu anayetega sikio ukutani kwa jirani
akasikia hata yasiyosemwa.
Nikaushusha. Ishirini na tano. Ishirini. Kumi na nane.
Nikainua koili, nikaishusha, nikainua, nikaishusha,
mpaka mchanga na mashine vikaelewana.
Mkimbiaji mmoja akauliza nafagia nini.
Mavuno: vizibo kumi na saba, zipu, sarafu tano,
ufunguo wa pikipiki ya mtu aliyerudi kwao kwa miguu.

Kuhusu chuma. Kitabu kinasema kuchuja;
Chaurembo anasema ubaguzi, bila haya.
Unabonyeza, misumari ya mji mzima inanyamaza.
Nilipenda. Wiki mbili sikusikia chuma.

Kisha Sikudhani, akichambua mchele, uso hakuinua:
"Kwetu kule bondeni, hiyo ingesikia nini?"

Tulikwenda. Palipokuwa nyumba ya mama yake
pana matuta ya mchicha na tope lililopasuka.
Mafuriko yalichukua kuta, tingatinga likachukua salio.
Mwenye mchicha, Bi Tausi, akasema tuchimbe njiani tu.
Sikudhani akahesabu hatua kutoka kwenye karavati:
"Baraza. Jiko. Ngoja, umekanyaga kitanda."
Nikapita polepole, koili ikikaribia kugusa ardhi,
kila mpito ukikanyaga nusu ya mpito uliotangulia,
kama nilivyofundishwa. Kimya.

"Umeizima?"
"Inachagua."
Akanitazama muda mrefu.

Nikabonyeza. Chuma kikarudi chote kwa mkupuo:
misumari ya bati, nyaya, vipande vya nondo,
sauti nzito, namba za chini ya sifuri,
bonde zima likikoroma chini ya mchicha.
Hedifoni nilimvika yeye, mimi nikabaki na mpini.
Akanyoosha kidole. Hapo.
Hasi saba. Haikuyumba.
Nikachimba kwa mwiko, kisha kwa vidole,
kina cha kiganja na nusu.

Bawaba. Kutu tupu,
skrubu mbili zimeng'ang'ania kipande cha mninga.
Akaikunja, ikakataa.
Akaitemea mate, akaisugua kwa upindo wa kanga, akaikunja tena,
ikalia.
"Ndivyo ulivyokuwa ukilia," akasema, "nikichelewa kurudi."

Daftarini kuna mstari mpya, mwandiko wake:
hasi saba, mlango wa mama.