Mkazi Tangu Saa Nane

Lugwisha kashuka feri ya saa nane kutoka Bugolora
na begi jipya, na raba za mbio
ambazo hazijawahi kukutana na jiwe la Ukara.
Shikamoo shangazi. Marahaba.
Miaka yote hii salamu zake zilikuja kwa kubipu.

Chai haijapoa, karatasi ishatua mezani.
Kule Nyamagana, anasema, vijana mia nne na ushee
wamelala nje ya uwanja
wakigombea nafasi tatu za chuo cha maafisa.
Ukerewe nayo imepewa tatu.
Waombaji hawafiki ishirini.
"Huku foleni fupi, shangazi. Nataka muhuri tu."

Hesabu zake sina pa kuzikosoa.
Ila hajauliza foleni yetu ilifupishwa na nini.
Tangazo lilibandikwa ubaoni Nansio
likachukua siku kumi na moja kuvuka maji,
likafika limekunjwa mfukoni mwa muuza dawa za mifugo.
Na ukilisoma bado hujafika:
nauli, kulala, picha nne za rangi,
cheti cha kuzaliwa ambacho wilayani "kinatafutwa"
tangu Bwire wa Nyamisi akiwa darasa la sita.
Bwire huyo hupanda kilima na kapu la samadi kichwani
mara tano kabla ya kengele ya shule.
Hakuna aliyewahi kumshikia saa.

Nafungua droo. Kidau cha wino kimekauka,
nakitemea mate, nasugua.
Mimi ni mtendaji wa kijiji, naandika ninachokijua:
*Mtajwa ni mkazi wa hapa
tangu leo Jumanne, saa nane mchana.*
Saini. Muhuri, goti langu likitetemesha meza.

Anasoma, anacheka.
Anasoma tena.
"Shangazi, hii si itaniangusha?"

Sijui. Watajua wao.
Lakini usaili ni kesho, na feri ya kurudi ni saa kumi,
na hii hapa barua ya pili, niliiandika asubuhi.
Nyumba yenye kichanja cha dagaa, mlango wa bluu.
Mwambie Bwire avae shati la shule, mwende wote.
Cheti chake nitakipigia simu mimi mpaka mtu apokee.
Nauli yake utalipa wewe,
ndiyo kodi ya ukazi.

Dirishani nawaona wakiteremka gatini,
raba zikiteleza kwenye miamba,
na yule mwingine, kandambili mkononi,
hageuki nyuma.