Cheti cha Pate

Pate alikuja na karatasi.
Muhuri mwekundu, majina ya mababu
hadi kizazi cha saba, kila babu na taji lake,
na jina lake mwenyewe, refu kama treni ya mizigo:
Mwanamfalme wa Misonobari ya Kaskazini, wa Tatu.
Tauno akaikunja, akaitia kabatini
pamoja na hati ya nyumba.
"Pate," akaita, na mbwa akageuka
kana kwamba ukuu haukumhusu.

Mura alikuja kwa lori kutoka Craiova,
siku tatu barabarani, mbwa ishirini na wawili,
shingoni kamba, sikioni pengo.
Daktari wa mifugo akamfunua midomo, akakagua meno.
"Labda minne. Labda sita. Baba yake,
nadhani, ni mtaa mzima."
Sanelma, binti yetu, akacheka.
Mimi sikucheka.

Katika kitabu cha kanisa la Nilsiä
mstari wa baba yake mama yangu ni mweupe
kama ziwa la Februari. Kasisi aliinua kalamu,
akangoja, kisha akaishusha
kwenye jina la mtoto aliyefuata.
Basi nyanya wa nyanyake Pate namjua,
najua alitwaa kikombe Turku, mwaka wa mvua nyingi,
ila babu yangu simjui hata rangi ya kofia.

Usiniambie koko ndiye mwenye shukrani.
Watu husema hivyo dukani, wakinyoosha mkono,
na Mura anaukwepa kama moto.
Mwaka mzima hakukanyaga ngazi.
Alikula kiatu cha Tauno, cha kushoto, kile cha mazishini.
Alificha vipande vya mkate mweusi chini ya zulia,
na usiku nilimsikia akivihesabu kwa pua.

Wala usiniambie nasaba ni kinga.
Pate, mwenye vikombe damuni,
nyonga zake ziliahidiwa maumivu kabla hajazaliwa.
Alipofika miaka saba alishuka ngazi
kama mtu anayebeba meza peke yake.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ya kupasua mbao,
Pate akakwama uani, chini ya ngazi.
Nilikwenda kuchukua taulo la kumwinulia.
Niliporudi, Mura alikuwa kwenye kidato cha pili,
miguu ikimtetemeka, amegeuka, anamngoja.
Pate akapanda kimoja. Mura akapanda kimoja.
Huenda haikuwa huruma.
Huenda alitaka tu mlango ufunguliwe.

Pate alipokufa, chama cha wafugaji kilituma fomu:
tarehe, sababu, saini.
Tauno akaijaza kwa herufi kubwa,
kisha akatoka kwenda kuosha gari lililokuwa safi.
Mimi nikainua blanketi la Pate nilipeleke kufuliwa.
Chini yake, vipande vitatu vya mkate, vikavu kama kuni.
Nikalirudisha lilivyokuwa.

Kwenye kitabu cha chanjo cha Mura,
pale palipoandikwa "aina", pangali peupe.
Kila mwaka daktari huinua kalamu, akanitazama.
Nami hutazama dirishani, theluji inavyoanguka.
Mura yuko chini ya kiti changu,
anatafuna kitu
ambacho hatujui amekitoa wapi.